Kilichoota Ndani ya Mstari

Ninyi mnaokuja kwangu kuomba mbegu za mboga za porini, nawapa bure. Lakini kabla ya mbegu nawapa karatasi hizi, na nakaa pembeni mpaka mmalize kusoma. Wengine huniangalia kama nimechanganyikiwa. Dada mmoja kutoka Mwanga aliniuliza, "Kaka, kwani mgagani una mtihani?" Nikamwambia unao, na mimi niliufeli.

Nimestaafu kazi hii ya kuuza mboga nikiwa na miaka thelathini na miwili. Msicheke sana. Watu hustaafu wakiwa na mvi na mikono imechoka. Mimi niliacha nikiwa na nguvu zangu zote, bustani ikiwa nzuri kuliko wakati wowote, kwa sababu ya sufuria moja ya mnavu. Nitafika huko. Nachelewa kwa makusudi, maana kila nikiandika sehemu ile mkono wangu huanza kusahihisha herufi ambazo hazina kosa.

Tuanze na ninachokijua. Mwaka wangu wa kwanza nilivuna mbegu za mgagani, kavu, safi, nikazipanda wiki ileile. Haikuota hata moja. Nikabadilisha udongo. Nikabadilisha saa za kumwagilia. Nikaandika kwenye daftari kila nilichofanya, kurasa na kurasa, na usingizi ukanipaa. Jirani yangu Bi Butoyi, ambaye ua wake na wetu hapa Kasingirima hutenganishwa na mstari wa minyaa tu, alikuwa akiniangalia muda wote huo bila kusema neno. Siku niliyotaka kuutupa udongo wote ndipo aliponiita.

"Wewe mtoto, hiyo mbegu umeitoa lini kwenye mti?"

"Juzi, bibi."

"Juzi! Sasa unamwamsha mtu aliyeingia kitandani sasa hivi?" Alicheka mpaka akashika minyaa, akakumbuka utomvu wake unaowasha, akaiachia. "Isogi lazima ilale. Iweke kwenye kopo, uisahau."

Isogi ndiyo mgagani, kwa Kiha chake. Basi andikeni: mbegu ya mgagani ilale miezi kadhaa mahali pakavu. Ukiota, kata vikonyo vya maua mapema, utakupa majani muda mrefu zaidi. Mnavu nao, chukua matunda yaliyoiva yakawa meusi, yaponde ndani ya maji, yaache siku mbili, kisha osha na anika mbegu kivulini. Ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu unapomwaga, la sivyo utapata msitu upande mmoja na jangwa upande mwingine. Matunda mabichi ya mnavu msile. Hayo yote ni kweli, na mtaniona mtu anayejua kazi. Ndivyo hata mimi nilivyojiona.

Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa simu, kwa kukosea, na kwa kuchungulia juu ya minyaa. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana ugonjwa mmoja: anaogopa kuonekana hajui, kwa hiyo anang'ang'ania usafi. Matuta yangu niliyapima kwa rula na uzi. Mistari ilinyooka kama ya daftari la darasa la kwanza. Mrisho, bodaboda wa kijiwe kilichoko ng'ambo ya barabara, ndiye aliyenipa jina mnaloniita hadi leo. Kila asubuhi: "Rula! Leo mchicha umefika sentimita ngapi?" Nilijidai kuchukia, lakini moyoni nilifurahi. Jina la mtu makini.

Kwa Bi Butoyi hapakuwa na mstari. Mgagani ulisimama katikati ya mlenda, mchunga ukajibanza chini ya mgomba, mnavu ukaota hadi kwenye kizingiti cha jiko. Kuku walipita humo kama wenye nyumba. Nilipomwuliza kwa nini hapangi, alinijibu, "Hapa ni soko, si shule." Iliniuma macho kila nilipotazama. Siku moja alikwenda msibani Ujiji kwa siku mbili. Nikasema nimsaidie. Nikang'oa kila kisichokuwa mboga, yaani kila nisichokijua mimi, nikafagia, nikamwagilia. Aliporudi alisimama kwenye kizingiti bado amejifunga kanga ya msibani, akatazama ule uwanja mtupu, akasema:

"Nani tena kafa huku?"

Nilikuwa nimemmalizia mchunga wake wote. Ilimchukua misimu miwili kuurudisha. Hakunisema zaidi ya hapo. Lakini sikujifunza kitu, na hilo ndilo ninalotaka mlione: onyo lilikuja mapema, tena kwa mzaha, nami nilicheka nikaendelea.

Sasa neno lenyewe. Kuchambua.

Mmemwona mama yenu akichambua mboga. Ananyoosha miguu mkekani, ungo mapajani, anashika kila kikonyo, anageuza kila jani, huku anapiga soga. Mnadhani anatoa majani ya njano. Anafanya hivyo pia. Lakini kubwa zaidi ni kwamba jani ambalo si la pale linapita mkononi mwake kabla ya kufika kwenye sufuria. Mkono unalijua kabla ya jicho. Bi Butoyi alikuwa akichambua huku amenitazama usoni, anateta nami, na kidole chake kinatupa jani pembeni bila kusimama.

Nami nilijaribu. Asubuhi moja nilikaa kibarazani kwetu, miguu nimeinyoosha, ungo mapajani. Kijiwe kizima kikageuka. Mrisho akapiga honi. "Mama Rula! Hodi! Chakula kimeiva?" Mwingine akaniomba nimsukie nywele. Nilikuwa kijana, nina wasiwasi na kila jicho linaloniangalia, na mwanaume wa kwetu hachambui mboga barazani. Niliinuka na ungo wangu nikaingia ndani, na tangu siku hiyo sikukaa tena.

Badala yake nilinunua kisu kizuri. Nilikata mnavu moja kwa moja tutani, mstari kwa mstari, nikauosha, nikaukatakata ndani ya nyumba nikiwa nimesimama kama mtu wa maabara, nikautia kwenye bahasha za kaki. Juu ya kila bahasha niliandika kwa mwandiko wangu bora: *Imechambuliwa. Imeoshwa. Tayari kwa sufuria.* Neno la kwanza lilikuwa uongo. Sikuliona kuwa uongo kwa sababu nilikuwa na kanuni yangu: kilichoota ndani ya mstari ni mboga, kilichoota nje ya mstari ni gugu. Si nilipanda mwenyewe? Si nilipima?

Watu walizipenda bahasha zile. Aliyezipenda kuliko wote ni Mwalimu Eliza, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa huku kutoka Njombe, akapanga nyumba ya tatu kutoka kwetu na kuishi na mdogo wake wa kike. "Rula, umeniokoa, mdogo wangu," aliniambia. "Nisahihishe madaftari ya madarasa manne, halafu nikachambue na mboga? Mimi nafungua bahasha, namwaga, basi." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima.

Mwalimu na Bi Butoyi hawakuwa wakielewana. Kuku wa bibi walimchimbulia mwalimu maua yake mara mbili, na mara ya tatu mwalimu akampiga mmoja kwa ufagio akavunjika mguu. Bi Butoyi alimchukua kuku wake kwapani, akasimama katikati ya njia, akasema mbele ya watu neno ambalo kila mtu hulisema akikasirika: "Utaona!" Alimaanisha atampeleka kwa mjumbe. Najua kwa sababu kesho yake alienda kwa mjumbe. Lakini neno likibaki njiani huokotwa na kila apitaye.

Msimu ule nilikuwa nimebadilisha mbolea. Nilileta samadi kutoka kwenye zizi moja huko juu, nikaona haraka kusubiri ioze, nikaitandaza ikiwa mbichi. Samadi mbichi huja na mbegu za kila kilichokuwa kinaota kando ya zizi. Kando ya zizi lile kulikuwa na muranaha. Mnaujua mkubwa, wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda la miiba. Mdogo hamuujui. Ukiwa mdogo, umesongamana na mnavu, jani lake halijapata meno, hujificha humo kama mgeni aliyevaa sare ya shule. Ukilifikicha jani linatoa harufu mbaya, nzito. Lakini nani alilifikicha? Mimi nilikuwa na kisu.

Jumamosi Mwalimu Eliza alichukua bahasha yake. Jumapili, wakati watu wanatoka kanisani, Mrisho alikuja mbio kutoka upande wa nyumba ya tatu. "Rula, njoo uone mambo! Mwalimu anafundisha ukuta!"

Nilikwenda. Nilicheka, nakiri. Mwalimu alikuwa amesimama sebuleni, uso mwekundu, midomo imekauka, mboni za macho zimetanuka mpaka jicho lote jeusi, anaandika kwa kidole ukutani na kumkemea mwanafunzi asiyekuwepo. Mdogo wake alikuwa sakafuni akiokota vitu hewani, kimoja kimoja, anaviweka kwenye kiganja kitupu. Alikuwa anachambua, ndivyo nilivyoona mimi. Kicheko kikanikauka. Majirani wakawabeba kuwapeleka hospitali, na mimi badala ya kufuatana nao nikarudi bustanini.

Tuta la tatu, katikati kabisa ya mstari, palikuwa na mashina matatu yaliyokatwa, manene kuliko mengine. Nilifikicha jani dogo lililobaki chini. Ilikuwa harufu ambayo sijawahi kuinusa kwenye mnavu.

Nisikilizeni hapa. Mtu akila kitu kama hicho, wala haijalishi nani atalaumiwa, mpeleke hospitali haraka na uchukue mmea wenyewe uende nao, daktari auone. Mimi niling'oa mashina yote matatu na mizizi yake, nikayatumbukiza chooni. Kisha nikanawa mikono, nikasawazisha tuta kwa rula. Jioni hiyo watu walirudi wakasema daktari anauliza walikula nini, mwenye mabaki ayalete. Nilikuwa nimekaa miongoni mwao. Nikasema, "Labda dagaa."

Nimesema mengi ya kijinga maishani. Hilo si la kijinga. Hilo nililipima.

Hawakufa. Kufikia Jumanne walikuwa wanajitambua, na Jumatano walirudi nyumbani wakiwa dhaifu, hawakumbuki kitu tangu mlo wa Jumamosi. Lakini mtaa ulikuwa hauhitaji kumbukumbu zao. Mtaa ulikuwa na neno lake: "Utaona." Mwalimu ameona! Hakuna aliyesema *uchawi* kwa sauti. Walisema "yule bibi", wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulitosha. Mboga alizopanga Bi Butoyi kuuza zilinyauka kibarazani. Watoto waliomsalimia "Shikamoo bibi" waliongozwa na mama zao kuzunguka njia nyingine.

Alhamisi asubuhi alitoka na kikapu chake akijaribu soko la Mwanga, mahali ambapo pengine hawajasikia. Alimwita Mrisho, ambaye amembeba mwaka na zaidi.

"Bibi, pikipiki ina hitilafu," Mrisho akasema. Injini ilikuwa inanguruma chini yake.

Bi Butoyi aliitazama pikipiki. "Pole yake," akasema. "Inalia kwa uchungu." Hakuna aliyecheka. Akanigeukia mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni. "Rula, nibebee basi hata hadi pale juu."

Nilibeba. Hatukupanda mlima mrefu, ila mimi nilihema. Nusu ya njia alisimama kupumzika, tukaona ziwa kule chini kati ya mapaa ya mabati, akaniambia bila kunitazama:

"Wewe peke yako hujaniogopa."

Ningesema pale. Palikuwa hapana mtu, tulikuwa wawili na kikapu. Nilifungua kinywa nikasema, "Bibi, kikapu kizito leo." Akasema ni kwa sababu hakijapungua tangu Jumatatu.

Siku hiyo sikusema. Ijumaa sikusema asubuhi. Nilichofanya asubuhi ni kuziandika upya bahasha zote zilizobaki, kwa sababu herufi *ch* ilionekana imepinda. Nilipofika ya saba au ya nane nililisoma neno lenyewe: *Imechambuliwa.* Nikaweka kalamu. Nilikwenda kwa Mwalimu Eliza miguu peku.

Alikuwa kitandani, mdogo wake anamkorogea uji. Nilimwambia yote, samadi, mashina, choo, dagaa. Alinisikiliza kwa kimya cha mwalimu anayejua jibu linalofuata ni baya zaidi. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Kwenye bahasha uliandika imechambuliwa. Nani aliichambua?"

"Hakuna, mwalimu."

Akageukia ukutani.

Kisha nikaenda kwa Bi Butoyi. Nilimwamkia, nikapiga magoti pale jikoni karibu na mnavu wake wa kizingitini, nikaanza, na nilivyozoea nilikuwa nimepanga maneno yangu kwa mstari. Hakuniacha nimalize.

"Inuka. Unaniombea radhi jikoni? Mimi nimechafuliwa jikoni?" Akanishika mkono akaniinua. "Nilikwambia hujaniogopa. Kumbe ulikuwa unaniogopa kuliko wote. Umeninyamazia njiani, kikapu changu kichwani mwako!" Akachukua ungo ukutani, akautupa mkekani barazani, nje, mbele ya barabara, mbele ya kijiwe. Akamwaga juu yake mnavu ambao hakuna aliyeununua. "Kaa hapo. Nyoosha miguu. Kila atakayepita na kukuuliza unafanya nini, mwambie."

Nikakaa. Nikanyoosha miguu.

Mrisho alikuwa wa kwanza, bila shaka. Alivuka barabara akiwa ameshaandaa tabasamu. "Mama Rula! Leo umehamia kwa bibi? Unapika nini?"

Nikamwambia. Nilianza kwa sauti ndogo, na Bi Butoyi akiwa nyuma yangu mlangoni akasema, "Haisikiki." Nikaanza upya. Mwalimu alikula muranaha. Uliota kwangu. Nilikata kwa kisu kwa sababu niliona aibu kukaa hivi nilivyokaa. Nikaficha. Nikasema dagaa. Bibi huyu hakumfanya mtu kitu. Tabasamu la Mrisho liliondoka polepole. Alitazama ungo, akatazama pikipiki yake, akarudi kijiweni, na baada ya muda nikaona wenzake wote wamesimama kunitazama, safari hii bila honi. Aliporudi alisimama mbele ya bibi akakuna kichwa. "Bibi, ile hitilafu imepona."

"Ipumzike," Bi Butoyi akasema. "Isije ikarudia."

Ilibidi nisimulie hayo siku ile mara nyingi sana, na Jumamosi, na Jumapili watu walipotoka kanisani. Wengine walinitukana. Wazazi wa mtaa walitaka bustani ing'olewe, nami niliing'oa mwenyewe, mistari yote. Msidhani kusema kulinisafisha. Kulimsafisha yeye, tena si kwa wote. Wapo wanaozunguka njia nyingine hadi leo, kwa sababu neno likishapandwa haling'oki lote. Hilo nalo ni langu.

Tangu hapo sijauza mboga hata jani moja. Sasa ninafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, napima mbao, rula imepata mahali pake. Asubuhi kabla ya kazi hukaa barazani kwa Bi Butoyi nikamchambulia, kwa kuwa macho yake yamepungua. Mkono wangu bado ni mzito. Wakati fulani alitoa jani kwenye lundo nililokwisha kulipitisha, akaniinulia usoni: "Na hili?" Jasho likanitoka. Akalinusa taratibu. "Mchicha," akasema. "Nilitaka tu kukuona."

Mwalimu Eliza bado hajahamishwa. Ilipita karibu mwaka mzima asinunue mboga za majani kwa mtu yeyote. Asubuhi moja alikuja kwa Bi Butoyi, wakasalimiana, wakaulizana habari za kuku, akachagua mafungu mawili ya mnavu niliyokuwa nimemaliza kuyachambua. Nikamwambia, "Hayo tayari, mwalimu." Alivua viatu, akakaa mkekani mbele yangu, akanyoosha miguu, akavuta ungo kutoka mapajani mwangu akauweka mapajani mwake. Akaanza upya. Jani moja moja, analigeuza, analifikicha, analinusa.

Nilikaa nikamtazama mpaka la mwisho. Nilichelewa kazini.

Anafanya hivyo kila anapokuja. Nanyi mbegu hizi nimezipepeta, nimezitazama juani, nimezitazama tena. Msiniamini. Chukueni ungo, huo hapo nyuma yenu, mkae mzichambue mbele yangu.